Nilimkinga Hadil, Nikamfungia Bandari

Wiki iliyopita niliwaacha nikicheka. Msinionee wivu. Kicheko chenyewe hakikutimiza siku kumi.

Kwa aliyechelewa kufika, Hadil ni mjukuu wangu. Mama yake alifariki Hadil akiwa hajaota jino. Baba yake, Mohdhar, yuko Maskati kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya mke mwingine, na hukumbuka kwamba ana binti kila Idi, ikiwa Idi yenyewe haikuangukia siku ya shughuli zake. Kwa hiyo nimemlea mimi, hapa hapa Mkomani, Lamu, tangu anabebwa mpaka alipopanda ndege kwenda Polandi kusomea uhandisi wa bandari.

Mmeyasoma wenyewe yaliyotupata. Ubalozi ulimrudisha mara mbili. Koti alilonunua Nairobi lilikuwa la mvua, si la baridi. Mwenzake wa chumbani alikuwa akifungua dirisha mwezi wa Januari, eti hewa safi ni afya. Yote yakapita. Mwaka wa tatu ukafika, na mwaka wa tatu lazima mwanafunzi aende kwenye kazi ya kujifunza. Wenyewe wanaiita intanshipu. Unawafanyia watu kazi bure, ili wakuandikie karatasi kwamba unaweza kuwafanyia watu kazi.

Tuliishia hapo. Hadil alikuwa amepata intanshipu yake kwenye gati la makontena, miezi mitatu, chini ya kreni zenyewe. Bila miezi hiyo mitatu hapandi mwaka wa nne. Asipopanda, kibali chake cha kukaa kinakwisha Oktoba, na anarudi nyumbani na nusu ya elimu. Kapanga aje kufanya kazi kwenye bandari mpya hapo Kililana. Sasa nusu ya elimu ya kreni, jamani, mtu ataitumia wapi? Kuanikia nguo?

Lakini gati la watu huliingii kama unavyoingia sokoni. Linataka kadi ya usalama. Na kadi inataka ushahidi wa mtu wa kwenu aliyekujua zaidi ya miaka kumi, aeleze wewe ni mtu wa namna gani.

"Nimekuandika wewe, Bibi," Hadil akaniambia kwa simu. "Maswali manne tu. Yajibu kwa maneno yako mwenyewe, mtu akutafsirie kwa Kiingereza, utie sahihi."

"Maneno yangu mwenyewe?"

"Yako mwenyewe. Jinsi unavyosema kila siku."

Hilo la kila siku ndilo lililotumaliza.

Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu na majina ya siku, na Alhamisi huwa naiacha kwa sababu inanitoa mate. Nikamwita Keziah. Keziah ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Meru, mpangaji wangu wa chumba cha juu mwaka wa nne huu. Mwanamke mtulivu, haazimi chumvi, na ana kompyuta. Kasoro yake ni moja. Ukimwambia jambo, analiamini.

Akashuka na kompyuta yake, akaketi kwenye mkeka. Hatukuwa peke yetu. Bi Radhiya wa nyumba ya nyuma alikuwa amekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi tangu saa tatu asubuhi. Sasa ilikuwa saa tano. Mbuzi iko mapajani mwake, na yeye yupo.

"Mwandikieni, mwandikieni," akasema Radhiya. "Hadil ana ya kuandikwa. Akili anayo, sura anayo, bahati ndiyo hiyo mnayoiona. Nti ya watu ile, na kafika kwa ndia yake mwenyewe, hakushikwa mkono na mtu. Wangu mimi wawili wamelala hapo wanaangalia simu."

Nikangoja. Nikangoja tena. Ile "mashallah" haikuja.

Hapa niwaeleze wasomaji wa bara, msije mkaniona mwendawazimu mapema. Kwetu sisi kitu kizuri hakisifiwi kikavu. Mtoto akizaliwa na sura, tunampaka wanja kwenye kipaji cha uso kama aliyeanguka jikoni, na tunamwita mbaya. Biashara ikimkubali mtu, anasema anasukuma siku. Anayesifu bila kumtaja Mungu anatupa jicho, na bibi mwenye akili zake akisikia mjukuu wake anasifiwa hivyo, humshusha haraka kabla jicho halijatua. Ndiyo adabu, na ndiyo kinga. Hapa Lamu bibi akilalamika kwamba mjukuu wake ni mvivu, watu huanza kuuliza kama kashachumbiwa.

"Haya, Bi Thureya," akasema Keziah. "Swali la kwanza. Mwombaji ni mtu mwenye bidii?"

Nikamtazama Radhiya kwa pembeni. "Bidii ya wapi. Mvivu yule. Ukimtuma dukani, duka litahama hajafika."

Keziah akaacha kugonga. "Niandike hivyo?"

"Andika."

"La pili. Ni mwaminifu?"

"Ukiacha halua mezani naye yupo, usiniulize imekwenda wapi."

"La tatu. Anaweza kukabidhiwa vifaa vya thamani?"

"Mikono yake haishiki kitu kikabaki kizima. Bakuli za marehemu bibi yangu zilikuwa sita. Zihesabu sasa, hapo kwenye vidaka vya ukutani."

Keziah akazihesabu, maskini. Zilikuwa tano. Akaandika.

Radhiya akawa anacheka na kutikisa kichwa. "Msikilize anavyomficha," akasema. Yeye alielewa barabara, na mimi nikajua kinga imeshika.

"La mwisho," akasema Keziah, na sauti imeshuka. "Ungependekeza wampokee?"

"Wakimpokea shauri yao. Mimi tangu aondoke sijaona pengo. Nyumba imetulia."

Na kweli ilikuwa imetulia. Ilitulia hata nikaanza kuzungumza na friji.

Keziah alikwenda kuichapisha, nikatia sahihi yangu ile ndefu yenye mkia, akaipiga picha na kuituma kabla ya adhana ya adhuhuri. Mtu wa bara akikuahidi kazi, unaipata siku hiyo hiyo. Ndiyo shida yao.

Mnadhani nilikuwa na wasiwasi? Nilitulia kama mtu aliyekwisha kufunga milango yote. Nilijua huko Polandi watasoma, watacheka kama alivyocheka Radhiya, na watasema, kumbe mtoto huyu anapendwa.

Siku ya tisa, simu.

"Bibi, wamenikatalia kadi."

"Kina nani?"

"Ofisi ya usalama ya bandari. Wenzangu watano wamevaa helmeti wameingia. Mimi nimeachwa getini na mlinzi na mbwa wake."

"Kwa nini?"

"Wanasema ushahidi wa kwetu ni mbaya. Kunionyesha hawataki. Mkubwa wao, Bwana Marek, kaniambia yuko kwenye kiti hicho miaka kumi na minane, na hajapata ushahidi kama huo hata wa mtu aliyetoka jela."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimesimama karibu na friji, kwa hiyo nilikaa karibu na friji.

"Bibi, uliandika nini?"

Wasomaji, sogeeni hapa, maana ndipo penye aibu yangu. Nilikuwa na nafasi. Simu iko sikioni, mjukuu yuko upande wa pili, chumbani hakuna mtu. Nilichotakiwa kusema kingechukua dakika moja, na Hadil, mtoto wa mji huu, angenielewa kabla sijamaliza.

"Aliyeandika ni Keziah," nikasema.

Ni uongo? Vidole vilikuwa vya Keziah. Kompyuta ya Keziah. Kiingereza cha Keziah. Kama ni mahakama, ningeachiliwa.

"Yule mpangaji?" akauliza Hadil. "Mimi nimemkosea nini?"

"Watu wa siku hizi, mwanangu," nikamjibu.

Watu wa siku hizi. Mimi huyo, mwanamke wa sala tano, na ya usiku naongeza.

Nikapanda ngazi kwenda kwa Keziah. Ngazi ni ishirini na mbili, na goti langu la kulia linazijua moja moja. Nikamkuta anapiga pasi.

"Nisomee ile barua," nikamwambia. "Kama walivyoisoma wao, lakini kwa Kiswahili."

Akafungua kompyuta. "'Mwombaji ni mvivu na hakamilishi kazi anayotumwa. Chakula kilichoachwa bila ulinzi hupotea anapokuwepo. Ameharibu mali ya urithi wa familia. Mlezi hajaona hasara yoyote tangu mwombaji aondoke nyumbani, na hatabeba lawama endapo atapokelewa.'"

Kiingereza kinakausha maneno, msione mchezo. Mimi nilipoyasema yalikuwa mabichi, na nyuma yake Radhiya alikuwa anacheka. Huko yalifika kama hati ya mashtaka.

"Na wewe ukaona sawa kuipeleka?"

"Sikuona sawa. Nilikuuliza niandike, ukasema andika. Nikadhani mna jambo lenu la nyumbani. Kwetu mzazi akisema hivyo juu ya mtoto wake, wazee huitwa." Akageuza shati. "Nimemwombea Hadil kanisani Jumapili zote mbili."

Nikamweleza habari ya jicho, mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza pasi ikiwa imesimama hewani.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Haambiwi mtu. Inajulikana tu."

"Bi Thureya, mimi nimekaa hapa miaka minne, na kila wiki unaniambia chapati zangu ni ngumu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo si ngumu?"

"Hizo ni ngumu."

Akacheka, nami nikacheka, na hapo kwenye kicheko nikaliacha lile moja. Nilimweleza yote isipokuwa Hadil anamlaumu nani.

Siku mbili baadaye Hadil akapiga tena, safari hii sauti ina uhai. Alikuwa amekwenda kwa mwalimu wake, mwalimu akapiga simu bandarini, na Bwana Marek akakubali kumsikiliza aliyetia sahihi kwa kinywa chake. Alhamisi, saa nane mchana kwetu, saa saba kwao, kwa video.

"Ukimridhisha, Jumatatu naingia," akasema. "Jumatatu ikipita, nafasi anapewa mwingine. Kwa hiyo Bibi, safari hii tafuta mtu mzuri wa kutafsiri. Yeyote, ila si yule."

"Si yupi?"

"Bibi."

Nikasema sawa. Nikatafuta kweli, msinidhanie vibaya. Nilimwendea Bramwel, mtu wa Bungoma anayefanya kazi hoteli moja ya Ras Kitau, Kiingereza kinamtoka kama bomba. Saa nane ndiyo anapokea wageni. Nilimwendea Zaki wa duka la simu. Yeye Kiingereza chake ni cha watalii wa gatini, nikaona kabla ya nusu saa atakuwa amemuuzia Bwana Marek safari ya boti na chakula cha mchana juu yake.

Akabaki Keziah. Shule zimefungwa, yuko juu, ana kompyuta, na hana kinyongo kwa sababu hana habari.

Alhamisi nikavaa buibui jipya, nikafukiza udi kana kwamba moshi utapita kwenye kioo. Mlango wa nje nikaukomea mwenyewe, Radhiya asije akarudisha mbuzi. Kisha nikamwambia Keziah akae pembeni, nyuma ya kabati.

"Kwa nini huko?"

"Mwanga. Ukikaa hapa unaharibu picha."

Uongo wa ngapi huo, hesabuni nyinyi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuacha.

Kioo kikafunguka. Upande mmoja bwana mwembamba mwenye tai, shingo ndefu, nyuma yake rafu ya mafaili yaliyopangwa kwa rangi. Upande wa pili Hadil, kwenye chumba cha chuo, ushungi wa bluu, mashavu yamekwisha. Macho yake ni yale yale makubwa ya mama yake. Nikataka kusema kitu, nikakimeza.

Keziah akaanza kutafsiri kutoka nyuma ya kabati. "Anakusalimu. Anasema ana nusu saa. Anauliza, wewe ndiye uliyetia sahihi karatasi hii?"

"Ndiye."

"Anasema, basi mweleze mjukuu wako."

Miaka ishirini na miwili sijawahi kumsifu Hadil mbele ya mtu. Hata mbele yake. Siku alipopasi mtihani wa sekondari, akawa wa kwanza katika shule yao, nilimwambia aondoe ndoo njiani. Sasa natakiwa kumsifu mbele ya mashine, ambayo sijui huko ndani ina masikio ya watu wangapi.

Nikaanza na bismillahi. Nikatia mashallah, na nyingine ya akiba.

Nikamwambia Bwana Marek habari ya bakuli. Hadil alikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliivunja, akaiunganisha na gundi, akaigeuzia ukutani ufa wake, na hakuna mtu angejua mpaka siku ya kiama. Siku ya tatu akaja mwenyewe na bakuli mkononi, akasema, Bibi, nimeshindwa kula. Bakuli hiyo ninayo mpaka leo, na gundi yake, iko ndani ya sanduku la nguo zangu.

Nikamwambia habari ya halua. Haikuwa ikiliwa na yeye. Alikuwa akimpelekea Mzee Harith, kipofu wa nyumba ya tatu, anayeishi peke yake. Daktari alikuwa amemkataza mzee sukari, na Hadil hakujua hilo, na nilipomwambia alilia akamwomba mzee radhi. Mzee alichukia sana. Alichukia kuacha kuletewa.

Nikamwambia habari ya Matondoni, wanakounda majahazi. Babu yake alikuwa fundi wa majahazi, na Hadil akiwa na miaka kumi na mitatu alisimama kwenye chelezo cha kuundia jahazi akawaambia wanaume sita kwamba ubao waliokwisha kuupigilia ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili. Wakamwambia akachezee kule. Akakaa chini kwenye maranda ya mbao, akasema atangoja wapime. Walipima saa za alasiri. Waliung'oa.

Keziah alitafsiri kila kitu, hata maranda. Bwana Marek alikuwa anaandika. Hadil alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Nami nikaanza kuona raha ya jambo hili, nikafungua mdomo niendelee na mwaka aliponiuguza kifundo cha mguu, ndipo Hadil akaondoa kiganja.

"Bibi, hiyo sauti ni ya nani?"

"Sauti gani?"

"Inayotafsiri."

"Ya mtafsiri."

"Ni Keziah."

Nikarekebisha buibui langu, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Nilikuomba jambo moja," akasema Hadil. Hakupayuka, na ningependa angepayuka. "Mtu aliyeniandikia ubaya ndiye unayempa kinywa chako mara ya pili? Unajua anamwambia nini Bwana Marek? Wewe hapo unajua?"

Nyuma ya kabati nikasikia kiti kinaburutwa. Keziah akatoka nacho, akakiweka ubavuni pangu mbele ya kioo, akaketi, na gauni lake la nyumbani na kalamu yake sikioni.

"Hadil," akasema. "Ni ubaya gani nilikuandikia mimi, niliyekuwa nikikuombea kanisani?"

"Barua, Mwalimu. Kwani kuna nyingine?"

Keziah hakunigeukia. Macho yake yalibaki kwenye kioo. "Bi Thureya, maneno ya ile barua alisema nani?"

Bwana Marek akauliza kitu kwa Kiingereza.

"Sitafsiri neno lingine mpaka hilo lijibiwe," akasema Keziah. "Na likijibiwa, hilo ndilo nitakalotafsiri kwanza."

Nikatazama mlango. Ulikuwa umekomewa, na aliyeukomea mnamjua.

"Ni mimi," nikasema. "Yote mimi. Keziah aliandika nilichomtajia."

"Ulimtajia nini?" akauliza Hadil.

Nikamtajia. Uvivu, halua, bakuli, nyumba kutulia. Kila neno nikilirudisha lilikuwa na ladha ya dawa ya malaria. Lakini nilipofika kwenye duka litakalohama, nikamwona Hadil anafumba macho, na nikajua ameshaelewa. Mtoto wa mji.

"Bi Radhiya alikuwepo?" akauliza.

"Alikuwepo."

"Alisema mashallah?"

"Hakusema."

Akavuta pumzi ndefu. Kwa sekunde moja nilidhani atacheka, na akicheka tumepona. "Hilo la barua sina neno nalo," akasema. "Lakini nilipokupigia siku ile. Nilikuuliza, ukanipa jina la mtu. Siku zote hizi nimemchukia mtu aliyekuwa akiniombea mimi, na nimewasimulia watu darasani. Hilo nalo ni kwa sababu ya Bi Radhiya?"

Nikateremsha macho kwenye mkeka.

Keziah akaanza kumtafsiria Bwana Marek. Alitafsiri kama alivyoahidi, bila kunipunguzia wala kuniongezea. Radhiya, mashallah, jicho, simu, kabati. Alipofika kwenye kabati Bwana Marek alikunja uso, akauliza, akaelezwa tena.

Kisha bwana yule akasema kitu kwa sauti laini, akionyesha kwa vidole kama anayefunga fundo.

"Anasema ameelewa," akasema Keziah. "Anasema marehemu nyanya yake alikuwa akifunga utepe mwekundu kwenye kitanda cha mtoto, na mgeni akimsifu mtoto, nyanya anatema mate pembeni."

Moyo wangu ukapanda. Msipande nao.

"Lakini anasema fomu haina mahali pa utepe. Ana barua yenye sahihi yako, na ana maneno yako ya leo, na hayapatani. Anauliza, ya uongo ni yapi?"

"Ya barua, bila shaka."

"Ngoja kwanza, usijibu." Keziah akaniwekea mkono kwenye goti, mkono wa kwanza wa huruma tangu atoke nyuma ya kabati. "Anasema ukisema ni ya barua, basi umetia sahihi uongo, na kwa kanuni zao shahidi aliyetia sahihi uongo hasikizwi tena. Na haya ya leo yanafutwa. Ukisema ni ya leo, kadi ilishakataliwa, na mazungumzo yamekwisha."

Tazama watu walivyosoma. Mlango mmoja wamepaka rangi mbili.

"Na kama yote mawili si uongo?"

Keziah akamuuliza, akajibiwa kwa kirefu. Hadil, aliyekuwa anasikia Kiingereza chote, aliinama.

"Anasema hilo linawezekana, lakini itabidi aliandikie maelezo, aweke sahihi yake yeye," akasema Keziah. "Desturi ameielewa. Anasema hata kwenu watu wanaogopa jicho, lakini kwenye karatasi ya serikali wengi wangeandika ukweli. Jirani alisahau neno moja tu. Kwa nini wewe uliogopa kiasi hicho? Anataka sababu yako wewe, si ya Lamu. Amesema dakika kumi zimebaki."

Sababu yangu mimi. Huyu mtu wa mbali na mafaili yake ya rangi rangi kaona kitu ambacho mtaa mzima haujakiona, kwa sababu mtaa mzima unafanya kama mimi na hauna haja ya kuuliza.

Ningeweza kutunga. Ninyi mnanijua sasa, kutunga si kazi kwangu. Lakini Keziah alikuwa ubavuni, na safari hii nilijua atatafsiri lolote nitakalosema, kama nilivyolisema.

"Mwambie nilikuwa na binti," nikasema. "Jina lake Saadiya. Mwambie huyo nilimsifu mara moja."

Hadil akainua kichwa. Nyumbani kwangu jina la mama yake halitajwi bila sababu. Alichoambiwa Hadil maisha yake yote ni kwamba aliugua, akaenda, Mungu amrehemu. Alikuwa akiuliza alipokuwa mdogo, na mimi nilikuwa nikimtuma dukani.

Keziah akatafsiri. Bwana Marek akaweka kalamu chini.

"Lini?" akauliza Hadil.

"Mbele ya wanawake arubaini," nikasema. "Kwenye shughuli yako ya kunyolewa nywele. Alikuwa kavaa dera la kijani, kakubeba, na watu wote wanamtazama. Nikasimama nikasema, nani kati yenu ana mtoto kama wangu."

"Nakuuliza lini, Bibi. Kabla ya kuugua, au baada?"

"Saadiya hakuugua," nikasema.

Bwana Marek akamtazama Keziah, akanitazama mimi, akauliza kitu kifupi. Na Hadil, bila kumwacha Keziah ajibu, akanyoosha mkono akazima picha ya upande wake. Sauti yake ikabaki.

"Endelea," ikasema. "Nakusikia."